Mchaichai wa Mtafiti

Mtu wa kwanza kunivua viatu barabarani, mchana kweupe, magari ya watalii yakipita na wageni wakinichungulia madirishani, alikuwa Mtafiti. Tulikuwa tumetoka Karatu asubuhi, tumepanda Ngorongoro, tumeshuka upande wa pili kuelekea Malambo, na kabla hatujaingia kwenye tambarare la udongo mweusi alikokuwa na kambi yake akasema, "Dereva, simamisha gari." Nikadhani anataka kuchimba dawa. Kumbe anataka soli zangu.

"Vua," akasema.

"Nivue nini?"

"Viatu. Umebeba Karatu nzima humo."

Akashuka na ndoo, brashi ya kufulia na chupa ya maji ya moto. Akasugua viatu vyangu mpaka ule udongo wetu mwekundu ukatoka wote, akasugua na vyake, kisha akanikabidhi brashi na kunionyesha matairi. Yote, pamoja na la akiba. Mimi ni dereva wa watalii. Nimebeba watu waliovuka bahari kuja kutazama faru, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizia tairi la akiba. Nikamwambia gari langu si sahani. Akajibu bila kuniangalia, "Ingekuwa sahani ningeipakulia wali. Sugua."

Ndivyo tulivyoanza, na kwa miaka yote niliyomwendesha sikumbuki safari iliyoisha bila ugomvi. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui. Siku moja nilimwuliza kabila lake, akaniuliza na hili gari langu kabila gani, nikafunga mdomo. Ninachojua ni kwamba alisomea wadudu mpaka vyeo vya kusomea vikaisha, kwamba alipanga nyumba yenye uani mkubwa pale Karatu mjini, na kwamba kazi yake ilikuwa sisimizi. Mwanamke mzima, msomi, anaamka kabla ya jogoo kwenda kuhesabu sisimizi. Mwanzoni nilimcheka. Baadaye niliacha kumcheka, nikaanza kumkasirikia, na hasira hiyo ninayo mpaka leo ninapokusimulia.

Ngoja kwanza nikueleze mti wenyewe, maana bila mti hutaelewa. Kule tambarareni kuna mgunga mfupi wenye miiba mirefu, na kwenye mashina ya miiba kuna vinundu vyeusi, vya mviringo, vitupu ndani, vyenye vitundu. Upepo ukivuma, vile vitundu vinapiga mluzi, nyika nzima inaimba. Ndani ya vinundu wanaishi sisimizi weusi wanaobinua mkia. Mti unawapa nyumba na utamu wa kulamba, na wao wanaulinda mti. Gusa tawi uone. Wanakutoka kwa mamia, wanauma, wananuka. Mbuzi anachuma majani mawili matatu, anapiga chafya, anahamia mti mwingine. Twiga vivyo hivyo. Hata tembo, na unene wake wote, hataki wamwingie kwenye mkonga.

Mimi wageni wangu nilikuwa nawaambia, "Huu ni mti wenye askari." Mtafiti aliponisikia aliniwakia papo hapo, mbele za watu. "Askari analinda mali ya tajiri halafu anaenda kwake kulala njaa. Hawa wanalinda kwao. Acha kuwatukana." Wageni wakaniuliza amesema nini. Nikawaambia anawakaribisha.

Alikuwa na hasira za ajabu, na hazikuchagua cheo. Kule Oldeani, kwenye shamba moja la kahawa, tulimkuta msimamizi amewasha tambi ya matambara anataka kuchoma kiota cha nyigu kilichoning'inia kwenye baraza la stoo. Vibarua wamesimama mbali, watu wa Singida na Mbulu, wanasubiri tamasha. Mtafiti akaenda kusimama chini ya kile kiota, kichwa chake kikikaribia kukigusa. "Chomeni na mimi," akasema. Akawaeleza kwamba nyigu hao ndio wanaokamata viwavi kwenye mibuni na kuwalisha watoto wao, kwamba kila kiwavi anayeingia mle kiotani ni jani la kahawa lililopona. Alikuwa katikati ya maelezo nyigu mmoja alipomchoma mdomoni. Mdomo ukafura mpaka maneno yakawa hayatoki sawasawa, na bado anafundisha, mate yanamtoka, vibarua wameshika mbavu kwa kicheko. Msimamizi akazima tambi kwa aibu tu.

Garini nilimwambia, "Umewatetea, wamekuchoma."

"Ulikuwa unacheka kwa sauti. Wewe ndiye uliyewashtua," akanijibu na mdomo wake ule.

Huyo huyo, sasa, usiku tumelala nyumba ya wageni, namsikia anapiga ukunga chumba cha pili. Nimetoka mbio na panga. Namkuta amesimama juu ya kitanda. "Mende! Dereva, mende!" Nikamwuliza, si mdudu huyo? Si ndio watu wako? Akaniambia, "Huyo si wangu. Ua." Na mbu alikuwa anampiga kofi kwa raha, anatazama damu kiganjani anatabasamu. Ukimwambia habari hizo ananuna.

Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mpaka nikawa nayasema usingizini. Kubwa kuliko yote lilikuwa hili: "Sisimizi hasafiri, anasafirishwa." Kisa chenyewe ni kwamba mijini kuna sisimizi wa kahawia, wadogo, ambao katikati yao wapo wenye vichwa vikubwa kuliko miili. Wamekuja na meli na mizigo kutoka ng'ambo, wakakaa kwenye bustani za watu, hata pale Karatu wamejaa. Bustanini hawana shida. Lakini wakifika kwenye ile migunga wanawaingilia sisimizi weusi vinunduni, wanakula mayai yao na watoto wao, wanawamaliza. Na wakishawamaliza hawaulindi mti. Mti unabaki uchi. "Na hawafiki kwa miguu yao," alikuwa anasema, "wanafika kwenye udongo. Kwenye kiatu chako, kwenye tairi lako, kwenye mche wa mtu mjinga." Ndiyo maana ya ndoo na brashi. Kila aliyekwenda kambini kwake alisuguliwa, awe mwanafunzi wa chuo, awe diwani. Watoto wa shule wanaorudi likizo kutoka Karatu aliwasimamisha njiani akawasugua ndala. Wamasai wa pale walimwona kituko, lakini walimkubali, kwa sababu ile migunga ni uhai wao. Kiangazi kikikaza, mbuzi wanaishi kwa maganda yake. Boma linazungushiwa matawi yake, fisi asiingie. Kuni ni hiyo hiyo.

Kitu kimoja tu kilimlainisha, nacho ni chai. Hakuweza kunywa chai bila mchaichai. Ukimpa chai ya tangawizi anainusa, anairudisha. Safari ya kwanza kabisa alipanda gari na kopo kubwa la rangi lililotobolewa chini, ndani yake shina la mchaichai aliloling'oa uani kwake Karatu, akaliweka kati ya miguu yake njia nzima, majani yananikuna mkono kila ninapobadili gia. Nilipomlalamikia akasema afadhali anikose mimi kuliko kukosa chai. Kambini akaliweka nyuma ya jiko. Kopo likaoza kwa kutu, akauhamishia mchaichai ardhini, ukanenepa kwa maji ya kuoshea vyombo. Katika vumbi lile lote, kichaka kile kilikuwa kitu pekee cha kijani.

Jirani yake wa boma la karibu alikuwa mama mmoja mtu mzima tuliyezoea kumwita Yeyo, yaani mama kwa Kimasai. Yeyo alikuwa anakuja na kibuyu cha maziwa, nami nampokea, "Takwenya, Yeyo," naye ananijibu, "Iko," na kunicheka matamshi. Akinywa chai ya Mtafiti alikuwa anafumba macho. "Mwanangu, mti huu unanuka kama mvua," akasema siku moja. Mtafiti akachimba fungu lenye mizizi akampa, akamwonyesha jinsi ya kulimwagilia. Nikashangaa. Hajamgombeza, hajamsugua, anacheka tu. Nikajisemea, kumbe huyu mama ana moyo, tatizo lake ni sisi madereva.

Ugomvi wetu mkubwa wa siku hizo ulitokea pale pale kambini. Nilirudisha gari nyuma nikaulaza mgunga mmoja mdogo aliokuwa ameufunga utepe wake wa alama. Weee! Aliniita majina ambayo sijawahi kuitwa hata na trafiki. Na mimi sikukubali, nikamwambia kama anataka gari litembee juu ya miiba bila kugusa miiba akaajiri ndege. Tumesimama tunapigiana kelele kama wenye mashamba yanayopakana, ndipo laigwanani, kiongozi wa kimila wa pale, akawa anapita na ng'ombe wake. Akainama, akang'oa konzi ya majani, akayainua katikati yetu. Mtafiti akanyamaza hapo hapo. Kwao, mtu akikuinulia majani, ugomvi unasimama. Majani ndiyo chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ndio maisha. Ukiyapokea mkononi, umesamehe na neno limekwisha.

Mimi ni Mwiraqw wa Daa, nikamwambia mzee, "Haya majani yatanisaidia nini, mimi si Mmasai."

Akanitazama pole pole. "Ng'ombe wa Wairaqw wanakula nini? Mawe?"

Nikayapokea. Ningefanyaje.

Sasa nifike kwenye lile linalonichoma. Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa Daa, alikuwa afisa misitu. Kijana mpole, hana makuu, mtu wa kuongea na miche kama wengine wanavyoongea na kuku. Ikaja siku ya kupanda miti, akapewa kazi ya kupeleka miche Malambo, ipandwe kwenye kiwanja cha ofisi ya kata. Akaiotesha mwenyewe kwenye viriba, bustanini Karatu, akaifunika isipigwe na upepo njiani. Siku ya siku mahema yamefungwa, mgeni rasmi amevaa kofia mpya, kinamama wanaimba, shemeji amenyoosha suruali mpaka inaweza kukata mkate. Mtafiti akatokea. Mimi ndiye niliyemleta, na kila nikikumbuka natamani gari lingeharibika njiani.

Akaenda moja kwa moja kwenye miche, akachukua kiriba kimoja, akakipasua mbele ya mgeni rasmi. Udongo mwekundu ukamwagika kwenye zulia. "Huu umetoka wapi?" akauliza. Shemeji akasema, "Karatu, dada." Akamwambia, "Umewaletea watu kifo ndani ya mfuko wa plastiki, na umekiwekea maji kisikauke." Shemeji anatabasamu, lile tabasamu la mtu asiyejua aweke wapi mikono. Kisha mgeni rasmi akasema muda unakwenda, miti ikapandwa, picha zikapigwa, mahema yakafunguliwa.

Mvua zilipokuja na kwenda, sisimizi weusi wakaanza kutoweka kwenye migunga. Mwanzoni watu wa Malambo walishangilia. Mbuzi wanakula bila kuumwa, wanashiba, watoto wanachuma maganda kwa mikono mitupu. Laigwanani mwenyewe aliniambia mbuzi wake wamepata Krismasi. Kisha tembo wakateremka wakati wa kiangazi na kukuta hakuna anayewauma. Wakavunja. Wakavunja mti mmoja baada ya mwingine, wanachana magome, wanasukuma kwa mguu, wanapita. Nilipopeleka gari pale nikakuta nyika imekaa kimya. Upepo unavuma, hakuna mluzi. Niliogopa, na mimi si mtu wa kuogopa kitu kisichokuwepo.

Kukaitwa kikao wilayani. Mtafiti akasimama na wale sisimizi wa vichwa vikubwa kwenye kichupa, akawaweka mezani, akamnyooshea shemeji kidole. "Wameletwa na miche ya huyu bwana. Nilimwambia, hakusikia." Nani angembishia? Alikuwa ameyasema mbele ya umati kabla hayajatokea. Wakubwa waliomtuma shemeji kupeleka ile miche walikuwa wamekaa pale pale, wakatazama dari. Jahazi likimzamia mdogo, wakubwa hawalowi. Shemeji akahamishwa mbali, akawekwa kwenye kizuizi cha barabarani, kazi yake kupandisha na kushusha mti wa geti na kuchoma magunia kwa fimbo ya chuma kutafuta mkaa. Mtu aliyekuwa anaongea na miche! Dada yangu akabaki Daa na watoto na shamba. Kila nikienda kumsalimia ananiuliza, "Yule mama wa wadudu, hajambo?" Ananiuliza kwa adabu tu, na adabu hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nikaenda getini kwa Mtafiti nikamwambia atafute dereva mwingine. Akasema, "Ukweli hauna shemeji." Nikamwambia basi ukweli wake na umwendeshe. Nikaondoka, na kwa muda mrefu tukawa tunapishana Karatu mjini kama hatujuani.

Kiangazi kilichopita nilikuwa kijiweni na madereva wenzangu, tunasubiri wageni, nikamwona anakuja kwa mguu. Amekonda. Hakusalimia mtu. Boneti ya gari langu ilikuwa na vumbi, akachora duara juu yake kwa kidole.

"Dereva, nilikosea," akasema.

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta kioo.

"Hawa sisimizi wakishafika hawaruki. Wanatembea chini, pole pole, pande zote, kama maji yaliyomwagika sakafuni. Ukijua wamefika wapi kila upande, unajua maji yalimwagika wapi. Nimezunguka ukingo wote, mti kwa mti." Akaweka kidole katikati ya duara. "Hapa ni jikoni kwangu."

"Na kwenye miche ya shemeji?"

"Nimechimba pale ofisini mpaka kucha zimeng'oka. Hawapo. Hawajawahi kuwepo." Akafuta lile duara kwa kiganja. "Ni mchaichai. Lile kopo la rangi."

Jamani, mimi nilipasuka. Sioni haya kusema. Nilimfokea pale kijiweni mpaka wauza karanga wakasogea. "Wewe! Umenivua viatu barabarani! Umenisugulisha tairi la akiba! Watoto wa watu umewasugua ndala! Na kifo chenyewe umekipakata miguuni, kinanikuna mkono njia nzima, kwa ajili ya chai? Chai!" Nikamwambia mtu mzima amefungwa kwenye geti kama mbwa kwa sababu yake. Nikamwambia mengine ambayo hayaandikiki. Yeye amesimama tu. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Nipeleke Malambo. Nataka wasikie kwangu."

"Nani anajua habari hizi zaidi yako?"

"Wewe."

"Basi ungekaa kimya."

"Ningeweza?" akaniuliza, na naapa alikuwa ananiuliza kweli.

Nikampeleka. Tulipofika pale mahali petu, akasema nisimamishe gari, akashuka na ndoo. Safari hii alisugua matairi yote peke yake. Mimi nilikaa kwenye usukani, nikawasha redio.

Alizungumza bomani kwa Yeyo, laigwanani akitafsiri, wazee wamekalia vigoda, wanawake wamesimama ukutani. Hakujipunguzia. Alisema kopo, alisema jiko, alisema maji ya vyombo. Alisema alimsingizia mtu. Laigwanani alipomaliza kutafsiri neno la mwisho, Yeyo ndiye aliyesema kwanza, na hakutaka mkalimani.

"Mwanangu, ulimsugua mjukuu wangu miguu akalia."

"Ndiyo, Yeyo."

"Alikuwa anatoka shule."

"Ndiyo."

Mgeni ni mgeni, hata akiwa amekuua. Mkamwana wa Yeyo akaleta chai kwenye vikombe vya bati. Mvuke ukanifikia kabla ya kikombe, nikaijua harufu. Nikamtazama Mtafiti. Alikuwa ameshika kikombe chake karibu na mdomo, hakinywi, hakiteremshi.

"Huu mchaichai mmeutoa wapi?" akauliza, sauti ndogo.

Yeyo akashangaa. "Si ule ulionipa? Umezaa. Nimewagawia wake wenzangu, nimempa dada yangu wa kule ng'ambo ya korongo, amewapa wakweze. Kila boma sasa wananuka mvua."

Mtafiti akaweka kikombe chini, akazunguka nyuma ya nyumba. Tukamfuata. Kichaka kilikuwepo, kinene, kijani, pembeni ya mahali wanapomwaga maji. Akapiga magoti, akafukua shinani kwa vidole, wakatoka. Kahawia, wadogo, na katikati yao wenye vichwa. Sikuwa na haja ya kuambiwa.

Akatazama huku na huku. Nikaelewa anachotafuta, nikamwona anakikosa, maana ni kiangazi, ng'ombe wamemaliza kila kitu, ardhi imebaki kama sakafu. Hakuna jani la kuinua. Basi akashika konzi ya mchaichai, kwa sababu mchaichai nao ni majani, akaukata, akasimama na kuuinulia wazee. Sisimizi wanampanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Hakuwapangusa.

Laigwanani alikaa muda mrefu bila kusogea. Watu wakamtazama yeye, si Mtafiti. Mwishowe akanyoosha mkono, akachukua nusu ya yale majani. "Utang'oa," akasema.

"Nitang'oa. Kila boma. Na maji ya moto, mimi mwenyewe."

"Na miti?"

"Miti sijui, mzee. Sitakudanganya."

Mtafiti akanigeukia mimi na nusu iliyobaki. Nikarudi nyuma. "Mimi umenikosea nini? Mwenyewe yuko getini kwenye vumbi. Na majani hayapiti kwenye simu."

"Twende kwenye mtandao," akasema.

Mtandao uko juu ya kilima, inabidi usimame juu ya gari. Akapanda, simu mkono mmoja, majani mkono mwingine, akaweka sauti ya nje ili nisikie. Shemeji akapokea kwa adabu yake ile. Mtafiti akamweleza yote, bila pambo, kama alivyowaeleza wazee. Upande wa pili tulisikia injini inaunguruma.

"Dada," shemeji akasema baadaye, "ile miti yangu ya pale ofisini imeshika?"

Nikafumba macho. Nilimwomba Mungu, mara hii moja tu, huyu mwanamke aseme uongo.

"Imekufa yote," Mtafiti akasema. "Hakuna aliyeimwagilia."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Lakini haikuwa na sisimizi. Sisimizi ni wangu. Nakwenda kusema hivyo wilayani, mbele ya wale wale."

Honi ikapigwa, ndefu. "Nimesikia, dada," shemeji akasema. "Subiri kidogo, kuna lori." Tukasikia geti linapanda, kisha simu ikakatika. Tulisubiri juu ya kile kilima mpaka jua likageuka. Hakupiga.

Mtafiti akashuka. Akanyoosha mkono wenye majani kwangu. Nilikuwa na hasira hata macho yananiuma, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukayapokea. Nikageuka ili nikayatupe bondeni.

"Usitupe!" akanifokea, sauti ile ile ya zamani. "Una wazimu? Unataka kuwapa sisimizi na kilima?"

Akamimina maji ya moto kwenye ndoo, nikayatumbukiza majani humo, na harufu ya chai yake ikapanda. Tulisimama tukiitazama ndoo. Kisha nikamtazama miguuni, nikaona udongo wa shinani kwa Yeyo umegandamana kwenye soli zake. Nikachukua brashi.

"Vua," nikamwambia.